Kilichofichwa Ardhini Ni cha Nani?

Katika maswali yanayotufikia kutoka kwa ndugu walioingia katika Uislamu karibuni, na kwa wale ambao bado wanauchunguza, mengi huhusu sala, funga, ndoa na mirathi. Mara chache hufika swali ambalo kwa juu laonekana kuwa la biashara tu, kumbe ndani yake mna msingi mzima wa dini. Swali la namna hiyo limetoka kwa kijana mmoja wa wilaya ya Kibondo, nasi tumeona vema kulijibu mbele ya wasomaji wote, kwa kuwa tunajua kwamba hayuko peke yake.

Kijana huyu anaeleza kwamba yeye na wenzake wawili walikodi kwa mtu aliyetoka machimbo ya Geita chombo kile cha kutambua madini ambacho watu hukiita deteka: fimbo yenye duara chini yake, ambayo hulia inapopita juu ya chuma, shaba, fedha au dhahabu iliyo ardhini. Wakaenda nacho katika malisho ya kijiji, mahali penye mahame ya zamani, ambapo mafiga na migomba iliyogeuka mwitu bado huonyesha kwamba hapo paliishi watu. Chombo kikalia. Wakachimba kiasi cha dhiraa moja, wakakuta chungu kidogo kilichofunikwa kwa jiwe, na ndani yake rupia za fedha thelathini na saba za wakati wa Wajerumani, pamoja na bangili mbili za shaba. Wenzake wanataka kuuza upesi na kugawana. Tena wanasema kwamba hatua chache kutoka hapo pana kaburi, na huenda humo mna zaidi.

Naye anauliza: Ardhi ile si shamba la mtu, ni ya serikali. Aliyekizika chungu hajulikani. Sisi ndio tuliotaabika. Je, mali hii si halali yetu? Nikitoa sehemu ya tano, kama nilivyosikia kwamba dini inaamuru, je, sitakuwa nimemaliza deni langu? Na kwa nini nikatoe habari kwa wakubwa wa kijiji, nami najua kwamba huenda nisipate kitu?

Ndugu msomaji, swali hili limesimama juu ya dhana mbili, na dhana hizo ndizo zinazopaswa kupimwa kwanza. Ya kwanza ni kwamba kitu cha watu wote si cha mtu. Ya pili ni kwamba kitu kilichofichwa hakina mwenyewe. Dhana hizo zikiwa za kweli, kijana wetu hana la kuogopa. Zikiwa za uongo, basi hata akitoa sehemu ya tano, atakuwa ametoa sadaka kutoka katika mali ya mwenziwe.

Mali ya wote haikosi mwenyewe

Twaanza na ardhi. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote mbili za mwaka 1999, zimetamka kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ardhi ya umma, na kwamba Rais anaishika kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Tafakari neno hilo mdhamini. Mdhamini si mwenye mali, bali ameaminiwa mali ya wengine. Vivyo hivyo halmashauri ya kijiji inayasimamia malisho na misitu ya kijiji kwa ajili ya wanakijiji wote, na yatakiwa kuwajibika mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Kwa hiyo anayesema kwamba ardhi hii ni ya serikali, maana yake haina mwenyewe, amegeuza maneno. Ardhi ile ina wenyewe wengi kuliko shamba lolote: wachungaji wanaolisha hapo, akina mama wanaookota kuni hapo, na watoto ambao bado hawajazaliwa.

Uislamu umelitilia jambo hili mkazo ambao pengine humshangaza mtu mgeni. Imesimuliwa katika Hadithi kwamba mtu mmoja aliyekuwa akimhudumia Mtukufu Mtume Muhammad (s.a.w.) alipigwa mshale akafa wakati wa kurudi kutoka Khaibar, na watu wakasema: heri yake, amepata ushahidi. Mtukufu Mtume (s.a.w.) akawakatalia, akawaeleza kwamba joho alilolitwaa mtu yule katika mali ya wote kabla haijagawanywa lilikuwa likimwakia moto. Hapo mtu mwingine akaja upesi akarudisha ugwe wa kiatu. Hakika joho moja katika mali nyingi ni kitu kidogo sana, wala hakuna mtu mmoja ambaye angeweza kusema kwamba ameibiwa yeye. Lakini kwa sababu hiyo hiyo kosa ni zito: mwenye kumwibia mtu mmoja aweza kumwendea akamtaka radhi, bali mwenye kuiba mali ya wote atamtaka radhi nani?

Na dhana hii haiishii katika chungu cha rupia. Anayeng'oa alama ya barabarani kwa kuwa ni chuma, anayefukua bomba la maji la kijiji akauza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, naye husema moyoni kwamba kitu kile si cha mtu. Siku gari likikosa kona, ndipo mwenyewe hujulikana.

Kiokotwa na dafina

Sasa tuutazame uficho. Sharia ya Kiislamu imetofautisha mambo mawili ambayo kijana wetu ameyachanganya. Lipo la kwanza, ambalo kwa Kiarabu huitwa lukata, yaani kiokotwa: mali iliyompotea mwenyewe. Mtukufu Mtume (s.a.w.) alipoulizwa juu yake aliagiza kwamba mwokotaji aangalie vizuri mfuko wake na kamba iliyoufungia, kisha atangaze mwaka mzima. Mwenyewe asipotokea, mwokotaji aweza kuitumia, lakini deni libaki: siku mwenyewe akija, apewe chake. Liko la pili, ambalo huitwa rikazi, nasi kwa Kiswahili twaweza kusema dafina: mali iliyozikwa na watu wa kale. Hiyo ndiyo ambayo sehemu yake ya tano hutolewa kwa ajili ya umma.

Lakini ni ipi iliyo dafina? Wengi wa wanazuoni wameeleza kwamba ni ile ya watu wa zamani za kabla ya Uislamu, ambao hakuna mrithi wao awezaye kutafutwa. Mali iliyozikwa yenye dalili za mwenyewe wa karibuni huhesabiwa kuwa kiokotwa, hata kama imekutwa chini ya ardhi. Tofauti hii si ya wanasheria tu. Maana yake ni kwamba swali la kwanza la mwokotaji halitakiwi kuwa: ina thamani gani? Latakiwa kuwa: ni ya nani?

Na hapa, ndugu msomaji, hebu tuulize kwa makini mahame ya Kibondo na Kasulu ni ya nani. Katika miaka ya 1930 serikali ya Kiingereza iliwahamisha watu wengi wa Buha na kuwakusanya pamoja kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Kisha kuanzia mwaka 1972, katika Operesheni Kigoma, watu waliokuwa wakikaa mbalimbali juu ya vilima vya Heru, Muhambwe na Buyungu walihamishiwa katika vijiji. Waliacha migomba, waliacha mibuni, waliacha makaburi ya wazazi wao. Hawakufa wote, wala hawakupotea. Wako katika kijiji cha pili, mwendo wa saa mbili au tatu kwa miguu, na wazee wao bado waweza kukuonyesha kwa kidole mlima waliozaliwa.

Rupia zile nazo zina habari yake. Wajerumani walizipiga kuanzia mwaka 1890, na katika koloni lao watu walizipata kwa kubeba mizigo na kwa kazi za vibarua, wakazitumia kulipia kodi ya nyumba iliyoanzishwa mwaka 1898. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, chini ya Waingereza, shilingi ya Afrika Mashariki ilichukua nafasi yake. Basi chungu kile chaonekana kuwa cha nani? Mtu aliyekizika yaelekea alikuwa Muha, aliyeweka akiba ya jasho lake chini ya sakafu ya nyumba yake kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kuiweka. Wajukuu wake huenda wako hai. Huenda mmoja wao husali katika saf moja na kijana wetu.

Hivyo jibu la kwanza ni hili: chungu kile, kwa dalili zake, ni kiokotwa kabla hakijawa dafina, na haki yake ni kutangazwa. Na tusemavyo juu ya mahame ya zamani, twasema pia juu ya mahame mapya. Kambi ya wakimbizi ya Mtabila, wilayani Kasulu, ilifungwa mwaka 2012. Kitu ambacho mkimbizi alikifukia pale kwa hofu na haraka, kingali chake, hata kama yeye sasa yuko ng'ambo ya mpaka.

Hazina ya Wajerumani

Huenda msomaji akasema: lakini yasemekana kwamba Wajerumani walipokimbia waliacha hazina, na hiyo ni mali ya adui aliyetutawala, basi ni halali. Uvumi huu umeenea kote Tanzania, na una chembe ya ukweli ndani yake. Ni kweli kwamba mwaka 1916, walipokatiwa njia ya baharini, walipiga Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, kiasi cha 16,000 hivi, kwa dhahabu iliyotoka Sekenke. Lakini kutoka katika sarafu hizo hadi masanduku yaliyozikwa chini ya kila mti mkubwa, ni safari ndefu ambayo uvumi umeikata kwa hatua moja.

Kitu kikubwa ambacho twajua kwa hakika kwamba Wajerumani walikificha Kigoma ni meli. Tarehe 26 Julai 1916, Wabelgiji walipokuwa wakikaribia, waliizamisha ziwani meli yao Graf von Götzen, baada ya kuipaka mitambo yake grisi ili isiharibike. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi kwa jina la Liemba. Hazina hiyo iliopolewa mchana, kwa hesabu zilizoandikwa, nayo ikawabeba watu wa mwambao wote wa Ziwa Tanganyika kwa miongo mingi. Hakuna aliyeitolea kafara, wala hakuna aliyeigawa usiku.

Wako pia wale wanaonunua na kuuza rupia kwa bei za kushangaza, wakidai kwamba ndani yake mna nguvu isiyojulikana. Rupia ya Mjerumani ina uzito usiofika gramu 12, na sehemu yake kubwa ni fedha. Thamani yake ni fedha hiyo, pamoja na kumbukumbu ya zamani iliyomo. Anayemwuzia mwenziwe zaidi ya hayo amemwuzia uongo, na pato la uongo halitakaswi kwa kutolewa sehemu ya tano.

Sheria ya nchi

Mwislamu ameamriwa kuwatii wenye mamlaka katika mambo ya haki, na kwa hiyo kuijua sheria ya nchi ni sehemu ya uchaji wake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, yavilinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Mtu haruhusiwi kuchimba kwa kuvitafuta bila leseni, na anayevikuta kwa bahati hutakiwa kutoa habari bila kukawia. Madini yaliyomo ardhini nayo si ya mwenye jembe. Yamewekwa chini ya Jamhuri ya Muungano, na anayetaka kuyachimba atafute leseni, ambayo wachimbaji wadogo wa Tanzania wamewekewa ya kwao. Na katika sheria ya jinai, kuokota kwaweza kuwa wizi, ikiwa mwokotaji alimjua mwenye mali au alikuwa na sababu ya kuamini kwamba aweza kupatikana. Tazama jinsi sheria hiyo ilivyokaribiana na mafundisho tuliyoyataja.

Huenda mwerevu akaruka akasema: rupia haifiki mwaka 1863, basi sheria ya mambo ya kale hainigusi! Kwa herufi, huenda asiguswe na sheria hiyo. Lakini mwaka uliowekwa katika sheria ni mpaka wa hukumu ya serikali. Si mpaka wa dhamiri. Mwenyezi Mungu hatamwuliza mtu kama chungu kilikuwa cha mwaka 1862 au 1910. Atamwuliza kama alimtafuta mwenyewe.

Tena sheria hii ina hekima ambayo mtu mwenye njaa ya fedha haioni. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu katika kisiwa cha Pemba, wachimbuzi wa mambo ya kale walipata sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, zenye majina ya watawala Waislamu wa pwani yetu wa karne nyingi zilizopita. Kama zingeuzwa kwa sonara zikayeyushwa, zingetoa bangili chache tu. Kwa kuwa zilisomwa, tumejua mengi juu ya ukale wa Uislamu katika visiwa hivi. Na karibu zaidi na Kasulu, kule Uvinza, vigae vya vyungu na mabaki ya majiko yaliyochunguzwa mwaka 1967 yalionyesha kwamba watu wamekuwa wakichemsha chumvi hapo kwa zaidi ya miaka elfu moja. Hapakuwa na dhahabu. Lakini kigae kilichobaki mahali pake chaweza kusema habari ambayo kigae kilichotupwa kando ya shimo hakiwezi kamwe kuisema.

Makaburi na waganga

Juu ya kaburi tutasema kwa ufupi, kwa kuwa jambo liko wazi. Mtukufu Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni sawa na kuuvunja ukiwa hai. Hakuuliza kwanza dini ya maiti. Kijana wetu aliyesilimu karibuni huenda akaambiwa na wenzake kwamba kaburi lile ni la wapagani, hivyo halina heshima. Ajibu kwamba huenda ni la babu yake mwenyewe, na kwamba kuingia katika Uislamu kumemwongezea wajibu wa kuwaheshimu wazazi, wala hakukumpunguzia.

Juu ya waganga tutasema zaidi kidogo, maana deteka ikikaa kimya, mara nyingi hatua inayofuata ni kwenda kwa mganga. Yeye husema kwamba hazina inalindwa na jini, na kwamba jini ataka kuku mweusi, kisha mbuzi, kisha kitu kikubwa zaidi. Ndugu msomaji, sarafu haina mlinzi ila mchanga. Mwenye kuitafuta riziki yake kwa kafara za siri ameacha tauhidi mlangoni kama mtu aachavyo viatu. Na njia hiyo ikifuatwa hadi mwisho wake, huishia katika damu. Watu wa Kasulu hawahitaji kuhadithiwa. Mwishoni mwa miaka ya 2000, ndugu zetu wenye ualbino walipokuwa wakiuawa katika mikoa ya Ziwa kwa sababu ya imani kwamba viungo vyao huleta utajiri wa migodini na ziwani, shule ya Kabanga, wilayani humo, ilikuwa mahali ambapo watoto walipelekwa wakalindwe. Hao walioua hawakuanza kwa kuua. Walianza kwa kuamini kwamba utajiri umefichwa mahali fulani, na kwamba kuna njia ya mkato ya kuufikia.

Hoja mbili

Tusimwonee kijana wetu. Anazo hoja mbili nzito, na haifai kuzipita.

Ya kwanza ni ya historia. Atasema: Wazungu walichimba Tendaguru, karibu na Lindi, kuanzia mwaka 1909 hadi 1913, wakapeleka Berlin mifupa ya mijusi ya kale yenye uzito wa zaidi ya tani 200. Nani aliyewauliza? Mbona sisi maskini ndio tunaofundishwa adabu? Twajibu kwamba uchungu huo ni wa haki. Lakini tazama vema kwa nini unatuuma. Unatuuma kwa sababu twaamini kwamba kilichokuwa katika ardhi ya Lindi kilikuwa chetu sote, hata kabla hatujajua kwamba kipo. Basi imani hiyo hiyo ndiyo inayotukataza kuuza gizani kilichomo katika ardhi ya Kibondo. Hatuwezi kumlaumu mwizi wa jana kwa kanuni ambayo leo twaivunja sisi.

Tena wako Wazungu waliotenda vingine. Mwezi Novemba 1992, katika kijiji cha Hoxne nchini Uingereza, mzee mmoja aitwaye Eric Lawes alikwenda na chombo cha namna hii kumtafutia rafiki yake mkulima nyundo iliyompotea shambani. Akakuta dhahabu na fedha ya wakati wa Warumi. Alipoona ni nyingi, aliacha kuchimba, akatoa habari, na wataalamu wakaja wakaitoa ardhini kwa utaratibu: sarafu 15,000 hivi, na vyombo vingi. Serikali ililipa thawabu, naye akagawana na mwenye shamba. Nyundo nayo ilipatikana. Kumbuka kwamba alikuwa akitafuta kitu cha mwenziwe.

Hoja ya pili ni ya umaskini. Atasema: serikali ile ililipa thawabu, mimi huenda nisipate hata asante, na watoto wangu wanalala na njaa. Hapa hatutamdanganya. Ni kweli kwamba mtu mwaminifu aweza kurudi nyumbani mikono mitupu, na tena akachekwa. Lakini Kurani Tukufu, katika Sura ya 18, imetuwekea kisa cha Musa (a.s.) na mtumishi wa Mungu aliyefuatana naye. Walifika katika mji wakiwa na njaa, wakaomba chakula wakanyimwa. Wakaona ukuta unataka kuanguka. Chini ya ukuta ule palikuwa na hazina ya yatima wawili. Yule mtumishi wa Mungu alijua kwamba hazina ipo. Alikuwa na njaa, na watu wa mji walikuwa wamemtendea ubaya. Naye hakuchimba. Aliujenga ukuta, bila ujira, ili hazina ikae salama hata yatima wale wakue.

Huo ndio mfano wetu. Kujua mahali kitu kilipofichwa hakumpi mtu haki juu ya kitu kile. Humpa wajibu juu yake. Na wajibu ule haungoji ashibe kwanza.

Adabu za mwenye kutafuta

Je, maana yake ni kwamba chombo chenyewe ni haramu? La. Ni chombo tu, kama jembe na kama kisu. Mwenye kukitumia na azishike adabu hizi.

Kwanza, aombe ruhusa kabla, si baada: kwa mwenye shamba ikiwa ni shamba, kwa halmashauri ya kijiji ikiwa ni ardhi ya kijiji, kwa wenye kuulinda ikiwa ni msitu wa hifadhi. Katika pori la akiba kama Moyowosi asijaribu kabisa. Ruhusa iliyonunuliwa kwa rushwa si ruhusa.

Pili, atafute mchana, watu wakiona. Kazi inayohitaji giza imekwisha kujihukumu yenyewe.

Tatu, ajiepushe na makaburi, misikiti, makanisa na mahali wazee wanapopaheshimu.

Nne, afukie kila shimo. Ng'ombe huvunjika mguu, mtoto hutumbukia, na katika vilima vya Buha mvua moja yaweza kugeuza shimo kuwa korongo.

Tano, akikuta kitu chenye umbo la bomu au risasi, asikiguse, awaweke watu mbali, apeleke habari polisi. Mwezi Novemba 1917 vita vikubwa vilikuwa vingali vinapiganwa katika nchi hii. Mwezi Novemba 2017, katika shule ya msingi Kihinga, wilayani Ngara, bomu lililookotwa kwa kudhaniwa kuwa chuma chakavu liliwaua wanafunzi watano. Chuma cha vita hakizeeki kwa wema.

Sita, akikuta cha kale, akiache kilivyo na atoe habari. Akikuta cha mtu, akitangaze.

Jibu kwa ndugu yetu

Basi, ndugu yetu wa Kibondo, jibu letu ni hili. Chukua chungu kile pamoja na rupia zote thelathini na saba na bangili zake, ukiwa na mashahidi wawili, ukipeleke kwa mwenyekiti wa kijiji, upate maandishi. Omba jambo litangazwe katika mkutano mkuu na katika vijiji ambavyo watu wa mlima ule walihamia. Uwaulize wazee nyumba ile ilikuwa ya ukoo gani. Wenzako wakikataa, sehemu yako isiwe ndani ya mali yao. Akipatikana mrithi, mpe, nawe utakuwa umemrudishia mtu babu yake. Asipopatikana mwaka ukiisha, jambo liamuliwe na kijiji mbele ya sheria, nawe upokee utakachopewa kwa moyo safi. Na kaburi lile, lirudishieni udongo mlioukanyaga.

Imesimuliwa katika Hadithi kwamba mtu mmoja alinunua ardhi, akakuta ndani yake mtungi wa dhahabu. Akamwendea aliyemwuzia, akamwambia achukue dhahabu yake, kwa kuwa yeye alinunua ardhi tu. Yule akakataa, akasema kwamba aliuza ardhi pamoja na vyote vilivyomo. Wakaenda kushitakiana, kila mmoja akimtaka mwenziwe aichukue. Mwamuzi akauliza kama wana watoto. Mmoja alikuwa na mwana, mwingine binti. Akaamuru watoto wale waoane, itumiwe kwao ile dhahabu, na itolewe sadaka.

Ndugu msomaji, mahakama zetu zimejaa watu wanaogombea mali, kila mmoja akisema ni yangu. Je, umepata kuona kesi ambayo kila mmoja anasema ni yako? Mtungi ule ulikuwa na dhahabu, lakini hazina iliyogunduliwa siku ile ilikuwa watu wale wawili. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe kama wao, tukiwa na shibe na tukiwa na njaa, mchana na usiku. Amin.